Kipa Mkongwe, Mabeki Wagumu na Ubishi wa Kijiwe cha Ilula

Kama umewahi kupanda basi la Iringa kwenda Dar, Ilula unaijua hata kama hujawahi kushuka. Ni pale ambapo hujamaliza kufungua dirisha, ndoo ya nyanya imeshafika usoni. Wengi wanaishia hapo, nyanya na vitunguu. Hawajui kwamba nyuma ya magenge kuna kijiwe ambacho ukiingia kubisha mpira bila kujipanga unaweza kutoka umehama timu.

Agosti 2019 kijiwe hicho kiliwaka kinoma, na chanzo kilikuwa mtu mmoja: Juma Kaseja.

Turudi nyuma kidogo kwa waliosahau. Taifa Stars walitoka AFCON ya Misri wakiwa hoi, mechi tatu zote kipigo. Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Kocha Emmanuel Amunike akaondoka, timu akapewa Etienne Ndayiragije kwa muda. Kibarua kilichofuata kilikuwa Kenya tena, safari hii kutafuta nafasi ya CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Julai 28 Dar, 0-0. Agosti 4 Kasarani, Nairobi, 0-0. Dakika 180 bila bao hata moja, watu wanakabana tu kama wamefungiwa chumba kimoja. Yakaja matuta, Stars wakashinda 4-1, na aliyesimama golini siku hiyo ya Nairobi alikuwa Kaseja, miaka 34, mtu ambaye wengi walishamzika kisoka.

Kesho yake asubuhi nchi nzima ilikuwa inamsifia. Ilula hapana.

Aliyeanzisha ni dalali mmoja wa nyanya, mzee wa miaka hamsini na kitu, Yanga damu. Yeye alifuatilia mechi yote na hoja yake ilikuwa nyepesi: "Mnamsifia kipa kwa penalti. Hizo dakika tisini nani alicheza? Mabeki! Kipa alikuwa anapigwa baridi tu ya Nairobi." Kijana wa bodaboda, Simba huyo, akadakia kwamba mzee yuko sahihi kabisa, na akaongeza chumvi: nchi hii inapenda kurudisha wazee, vijana wanazeekea benchi, ikifika zamu yao nao wanaitwa wazee. Ni nadra sana Yanga na Simba kukubaliana kwenye kijiwe kile. Watu walicheka.

Kuna mmoja hakucheka. Fundi pikipiki, gereji yake iko hatua chache tu kutoka hapo, umri wake unamkaribia Kaseja, na zaidi ya miaka kumi yeye ndiye kipa wa timu ya mtaa. Mwisho wa mwezi ule timu yake ilikuwa na fainali ya ndondo, ya kugombea mbuzi, na tayari kulikuwa na maneno ya chini chini kwamba golini akae dogo mmoja aliyemaliza kidato cha nne, mrefu, anadaka kama paka. Kwa hiyo kila aliyesema "Kaseja apumzike" alijua fundi anasikia. Wengine walisema makusudi.

Fundi akafuta mikono kwenye tambara, akaja taratibu.

"Kamwene," akasalimia.

"Kamwene, fundi. Tunamzungumzia mzee mwenzako," bodaboda akasema.

"Nimesikia. Nikuulize bro, ukipita Kitonga usiku ukafika salama, utasema breki hazikufanya kazi kwa sababu hukuanguka?"

Hapo kelele zikapungua kidogo. Fundi akaeleza kitu ambacho wengi wanaoangalia mpira kwenye kibanda umiza hawakioni. Kwenye kona, beki anaweza kumwangalia mtu wake au kuuangalia mpira, vyote kwa pamoja inamshinda. Anayeona uwanja wote mbele yake ni kipa peke yake. Ndiye anayesema "mtu nyuma yako", "toa", "yangu hiyo". Akichelewa nusu sekunde mabeki wawili wanarukia mpira mmoja, au wote wanauacha. Mechi ambayo kipa haonekani kuruka ruka, fundi alisema, mara nyingi ni mechi ambayo amepiga kelele mpaka koo limeuma. Kwenye luninga huisikii hiyo, unasikia mtangazaji.

Dalali hakukubali. Alisema kelele hata mama ntilie anaweza kupiga.

Ubishi ukahamia kwenye historia, na hapo Kaseja ana mtaji. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18 tu, alikuwa golini Simba walipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa matuta huko huko Misri. Tena kwa kimo kile ambacho watu wamekisema miaka yote kwamba ni kifupi kwa kipa. Amecheza Simba, amecheza Yanga, kitu ambacho peke yake kinatosha kumpa mtu maadui pande zote mbili. Dereva mmoja wa lori kutoka Mbeya aliyekuwa anasubiri matenga yajae akasema yeye alimwona Sokoine akiwa na jezi ya Mbeya City, na kilichomkaa kichwani hadi leo ni mdomo. "Yule anaongea dakika zote tisini. Mpaka sisi jukwaani tulikuwa tunajipanga."

Bodaboda akajibu kwamba 2003 yeye alikuwa bado ananyolewa na mama yake, kwa hiyo asiletewe. Ni jibu la kihuni, ila lina ukweli wake. Sifa za zamani hazidaki mpira wa leo. Essam El-Hadary wa Misri alidaka penalti Kombe la Dunia 2018 akiwa na miaka 45, dunia nzima ikasimama kupiga makofi, na mechi hiyo hiyo Misri wakafungwa 2-1 na Saudi Arabia. Watu wanaikumbuka penalti. Kipigo kile ukiwauliza wanakuna kichwa.

Kisha mwanachuo mmoja aliyekuwa likizo akaleta mfano uliowaacha wengi midomo wazi. Akasema kuna mpira wa Wamarekani, ule wa kuvaa helmeti na kugongana, ambao timu inaongozwa na mrushaji mmoja, yeye ndiye staa, yeye ndiye mwenye mshahara. Februari 2016 fainali yao ilichezwa na mrushaji wa miaka 39, Peyton Manning, mkono umeshachoka, jina kubwa kuliko nguvu zilizobaki. Timu yake, Denver Broncos, ikashinda 24-10. Lakini hakuna aliyesema mzee ndiye aliyewaua Carolina Panthers. Walinzi ndio waliomvuruga mrushaji wa upande wa pili, kijana, aliyekuwa moto msimu mzima, na mchezaji bora wa fainali akawa mlinzi, Von Miller. Mwezi uliofuata Manning akastaafu akiwa bingwa.

"Si ndiyo ninachosema!" dalali akaruka. "Mzee alibebwa!"

Bodaboda alitaka kujua huo mpira unachezwaje bila mguu. Mwanachuo akaanza kuchora chini kwa kijiti, akakwama, wakamzomea. Ila fundi hakuzomea. Aliuliza swali moja tu: huyo mzee, walinzi wake walikuwa wanamsikiliza? Mwanachuo akasema hapana, walinzi na mrushaji hawaingii uwanjani pamoja. Fundi akatikisa kichwa, akarudi gereji. Ni kama alipata jibu lake. Kipa hawezi kuwa Manning, kwa sababu kipa na mabeki wake wanalima shamba moja.

Fainali ya mbuzi ikafika. Kocha akamweka dogo.

Fundi hakununa, au kama alinuna alijificha vizuri. Alifika na viatu vyake mkononi, akaambiwa, akavirudisha kwenye mfuko, akaenda kusimama nyuma ya goli. Na kuanzia filimbi ya kwanza akawa anaongea. "Dogo, toka mbele! Kushoto peke yake! Mwambie beki ashuke!" Vumbi la Agosti, uwanja wa shule ya msingi, watu wamejaa hadi juu ya miti, na kipindi kizima cha kwanza wapinzani hawakupata hata shuti la maana. Dogo alikuwa anacheza kama mtu wa miaka thelathini.

Mashabiki wa upande wa pili siyo wajinga. Wakaanza kuimba kwamba makipa ni wawili. Nahodha wao akamfuata refa, refa akasimamisha mpira, akamwamuru fundi aondoke nyuma ya goli aende upande wa watazamaji. Akaenda, akaendelea kupiga kelele kutoka huko, ila kwa umbati ule na vuvuzela zile nani angesikia.

Dakika kama kumi baadaye ikaja kona. Mpira haukuwa hata mkali. Beki wa kati akadhani kipa anatoka, kipa akadhani beki anaruka, wote wakauangalia unapita, mtu akagusa kwa goti. 1-0, mbuzi akaenda mtaa wa pili.

Jioni kijiwe kilijaa kuliko kawaida. Bodaboda akasema kosa la mabeki. Dalali, safari hii, akasema kosa la kipa. Ndiyo, dalali yule yule. Wakamgeukia fundi atoe hukumu, na fundi akaonyesha koo lake kwa kidole. Sauti ilikuwa imekauka kabisa.

Septemba 8 Stars wakacheza na Burundi Dar kufuzu Kombe la Dunia. Bujumbura ilikuwa 1-1, Dar ikawa 1-1 tena, matuta tena, Kaseja tena golini. Stars 3-0 kwenye penalti, Warundi hawakupata hata moja. Bodaboda akazunguka kijiweni akitangaza kwamba yeye alimwamini yule mzee tangu zamani. Dalali akasema matuta ni bahati, siyo ulinzi. Dogo alikuwepo pia, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na fundi, anamuuliza kwa sauti ya chini kwenye kona kipa atamke nini kwanza, "yangu" au "toa".

"Inategemea," fundi akasema, akaanza kumpanga kwa kutumia spana na nati.