TUONGEE NA NESI, SEHEMU YA 14: Wiski ya moshi, mgeni aanze na ipi?

 

Wiki hii swali limetoka Makambako. Dada mmoja, ndoa bado changa, mtoto wa miezi minne, ameniandikia hivi: "Nesi, mume wangu anataka tumpelekee baba mkwe Njombe chupa ya wiski ile ya moshi, single malt, sikukuu hii. Hatujawahi kuinywa. Tuchukue ipi? Na mimi nikionja kidogo kuna shida?"

Najua wapo watakaosema nesi sasa anafundisha watu pombe. Jamani, huku kwetu pombe ilikuwepo kabla ya nesi. Mtu anayekunywa kitu asichokijua ndiye tunayekutana naye wodini. Kwa hiyo leo tukijue.

Tuanze na kile tunachokijua wote, ulanzi. Bibi yangu alikuwa na mianzi nyuma ya nyumba, mvua zikianza anakata ncha za machipukizi asubuhi na jioni, utomvu unadondoka kwenye mbeta. Ukiwa mbichi na mtamu ni mtogwa. Ukishakaa ukachacha, ni mkangafu. Hakuna aliyehitaji kusoma chupa. Ulimi ulikuambia umefika wapi, na jina likakuambia hivyo hivyo.

Wiski haiko hivyo. Hapa ulimi unadanganya, lazima usome.

Single malt maana yake ni wiski ya kimea cha shayiri peke yake, kutoka kiwanda kimoja. Kimea mnakijua, ni kile kile cha kuotesha nafaka kama tunavyofanya kwenye komoni. Kikishachachuliwa kinachemshwa, mvuke unakusanywa, halafu kwa sheria ya Scotland kinakaa kwenye pipa la mwaloni si chini ya miaka 3.

Moshi unatoka wapi? Shayiri ikishaota lazima ikaushwe. Zamani visiwani huko kuni zilikuwa shida, wakawa wanachoma udongo mweusi wa bondeni, wa majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka. Fikiria ule udongo wa vinyungu vyetu, ukatwe kama matofali, ukauke, utiwe moto. Moshi wake unaingia kwenye kimea na hautoki tena.

Sasa soma namba tatu, usizichanganye.

Namba ya kwanza ni umri: 10, 12, 16. Hiyo ni miaka ya kukaa kwenye pipa, haihusiani na ukali. Ya pili ni asilimia. Wiski ya Scotland haishuki chini ya 40. Ya tatu ni ujazo, mara nyingi mililita 700. Piga hesabu: chupa ya mililita 700 yenye asilimia 40 ina pombe sawa na bia 11 za nusu lita zenye asilimia 5. Toti moja ya mililita 30 ni kama nusu ya bia hiyo. Ndogo machoni, lakini zikifika nne umeshakunywa bia mbili.

Na moshi sio ukali! Wageni wengi wanakosea hapo. Laphroaig ya miaka 10 ina moshi mzito, ila utaikuta hata kwa asilimia 40. Talisker ya miaka 10 ina moshi wa wastani, lakini ni asilimia 45.8.

Haya, aanze na ipi? Kama hajui kabisa kama moshi ataupenda, aagize kwanza toti moja ya Johnnie Walker Black Label, ina moshi kidogo na inapatikana. Hiyo sio single malt, ni mchanganyiko, lakini inamfundisha pua. Akiipenda, single malt ya kuanzia ni Bowmore ya miaka 12, moshi wake mpole. Baadaye Talisker. Laphroaig, Ardbeg na Lagavulin zisubiri. Mimi niliwahi kunusa Laphroaig kwenye harusi ya ndugu, nikasema hii ni harufu ya aidini, hii ni chumba cha kufungia vidonda! Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mzee wa Njombe usimwanzishie hapo.

Akinywa awe amekula. Aongeze maji kidogo, harufu inafunguka na koo haliungui. Anywe taratibu, na glasi ya maji pembeni.

Kabla ya kulipa, angalia kizibo na stempu ya TRA. Kuna programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu, inasoma stempu hapo hapo dukani. Chupa iliyojazwa upya mtaani inaweza kuwa na kitu cha kupofusha macho au kuua. Bei ikiwa ya ajabu, acha.

Sasa tuje kwako wewe dada, maana ndio hasa nimeandika.

Unanyonyesha. Pombe iliyo kwenye damu yako iko kwenye maziwa karibu kwa kiwango kile kile. Kukamua na kumwaga hakuiharakishi kutoka, ni muda tu. Salama kabisa ni kuacha. Ukionja toti moja, nyonyesha kwanza, halafu subiri angalau saa mbili. Usiku huo usilale kitanda kimoja na mtoto, wala baba yake aliyekunywa asilale naye. Na mwenye mimba hana kionjo salama, hata kijiko.

Mtaambiwa ulanzi unaleta maziwa. Hapana. Pombe inazuia maziwa kushuka. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara nyingi, na wewe kula na kunywa vya kutosha.

Kuhusu baba mkwe, atasema anakunywa kwa sababu ya baridi. Njombe ya Juni tunaijua. Pombe inapeleka damu kwenye ngozi, unahisi joto, kumbe joto la mwili ndio linatoka nje. Anywee nyumbani, asitoke kutembea usiku. Na kama ana dawa za kisukari, presha au TB, aulize kwanza kituoni.

Mwisho, glasi za mezani. Asubuhi ya baada ya sherehe mtoto anaamka kabla yenu. Nimempokea wa miaka mitatu aliyemaliza mabaki ya usiku, sukari imeshuka, mwili umelegea, mama anadhani ni degedege. Tuliwahi, alipona. Kwa mtoto mdogo hata mabaki ni mengi. Kwa hiyo osheni glasi kabla ya kulala, chupa juu ya kabati. Ikitokea, usimpe maziwa wala mafuta ya kutapisha. Mkimbize hospitali.

Dada wa Makambako, zawadi ni nzuri, mzee atafurahi. Mpelekee, na umsomee asilimia kwa sauti.

Sehemu ya 15 tutaongea jiko la mkaa chumbani na mtoto mchanga. Mtumie mama mwenzio.