Wosia kwa Mjukuu Anayetaka Gari ya Umeme

Mjukuu wangu,

Karatasi hii utaikuta katika bahasha moja na wosia wangu ulioshuhudiwa. Soma ule kwanza. Baba yako yu hai, Mungu amzidishie umri, kwa hiyo wewe huna fungu katika mirathi yangu. Nilichokuwekea kimetoka katika theluthi ambayo sharia imeniruhusu kuusia, na kitakufikia baada ya madeni yangu kulipwa. Sikukuwekea sharti. Unataka gari ya umeme, nunua gari ya umeme. Lakini mimi nimesomesha hesabu skuli miaka mingi, na fedha bila ya hesabu sikuachii.

Ulinionyesha gari tatu kwenye simu. Ya kwanza Nissan Leaf iliyotumika, ipo Japani. Ya pili gari mpya ya Kichina aliyoiona ami yako Dubai. Ya tatu Leaf nyengine, aliyokutafutia dada yako huko Uingereza. Ukazipanga kwa bei, ndogo juu, kubwa chini, ukafurahi. Bei zile hazipangiki pamoja, baba. Moja inaishia bandarini Japani, moja inaishia dukani Dubai, moja uani kwa mtu Uingereza. Wewe unakaa Mangapwani, hapa kisiwani kwetu.

Ya Dubai iondoe. Usukani uko kushoto, kwa sababu Ghuba nzima wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Ami yako hakukudanganya, kakuangalilia bei tu. Sisi tunakwenda kushoto, na sitaki nikuone unatafuta nafasi ya kulipita lori la mchanga pale Mahonda ukiwa umekaa upande usioona mbele.

Sasa toa kalamu. Forodhani hawaanzii kwenye bei ya gari peke yake. Wanachukua bei, nauli ya meli na bima, vyote pamoja, ndipo ushuru unapokatwa. Kisha kodi nyengine zinahesabiwa juu ya jumla ambayo tayari imeshapandishwa na ushuru. Tufanye mfano wa darasani: gari imefika bandarini Malindi kwa milioni 10. Ushuru ukiwa asilimia 25, imekuwa milioni 12 na nusu. VAT ikiwa asilimia 15, inakatwa juu ya hiyo 12 na nusu, si juu ya 10, na jumla inakuwa 14,375,000. Bado hujamlipa wakala, hujalipa usajili, na umri wa gari nao una malipo yake. Viwango vya siku yako watakupa wenyewe watu wa mapato, TRA na ZRA. Mimi nakuonyesha ngazi tu.

Kwa mfano huo huo, pima mapunguzo mawili. Muuzaji anakupunguzia milioni moja na anakutangazia kama sadaka. Serikali nayo inasamehe ule ushuru wa asilimia 25 na VAT inabaki. Huo msamaha unakuokolea 2,875,000, kwa sababu umeondoa ushuru na pia VAT iliyokuwa imeukalia juu. Na ile milioni ya muuzaji usidhani itakupunguzia kodi. TRA wana mfumo wao wa kukadiria thamani ya gari zilizotumika, kwa aina na mwaka, na ankara yako siyo inayowafunga. Unaweza kununua rahisi ukatozwa kama aliyenunua ghali. Ndiyo maana nasema anza na makadirio ya TRA, ambayo yapo kwenye mtandao, kisha ndiyo urudi kwa Wajapani.

Utaniambia, kama ulivyoniambia barazani, mbona Rwanda wamesamehe? Kweli, tangu 2021 waliziondolea gari za umeme ushuru na VAT, na wakaweka bei nafuu ya umeme kwenye vituo vya kuchajia. Kenya walishusha ushuru wa bidhaa kwa gari hizi kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na baadaye wakaweka bei ya umeme ya kuchajia, shilingi zao 16 mchana na 8 usiku. Ethiopia wao mwaka 2024 walipiga marufuku kabisa kuingiza gari binafsi za petroli na dizeli. Yote kweli, na yote ni ya anayeingiza gari kule. Video ya mtu wa Kigali anayesifu bei haikuhusu kitu.

Lakini ipo ruzuku ya kigeni ambayo inatufikia, nayo imejificha. Uingereza walikuwa wakimlipia mnunuzi wa gari mpya ya umeme, tangu 2011, hadi pauni 5,000, wakaipunguza kidogo kidogo mpaka wakaifunga Juni 2022. Mwenye gari wa mwanzo hakuilipia gari yake bei kamili, kwa hiyo hata kuiuza aliianzia chini. Gari ya dada yako imo katika hesabu hiyo. Usukani wake uko kulia, na maandishi yake ni Kiingereza. Ile ya Japani itakusemesha Kijapani mpaka uzoee. Ila mwambie dada yako apige picha uvunguni. Barabara za kule zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi, na hapa kwetu tuna chumvi ya kututosha.

Misamaha huja na huondoka. Marekani walikuwa wakitoa hadi dola 7,500. Zilikwisha tarehe 30 Septemba 2025. Kwetu bajeti husomwa Juni, na kiwango kinachokuhusu ni cha siku gari inapoingizwa forodhani, si cha siku uliyotuma fedha. Gari unayoilipia Aprili huenda ikafika Julai. Kama kuna maneno ya msamaha, au ya kuongeza, subiri uyasikie yamepitishwa.

Kuhusu betri nitakuwa mrefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo ilipo gari yenyewe. Leaf za mwanzo, za tangu mwisho wa 2010, zilitoka na betri ya kilowati-saa 24, na haina maji ya kuipoza, hewa tu. Joto huizeesha. Kwenye dashibodi, pembeni, kuna vipande 12 vinavyoonyesha uzima wa betri, navyo ni mbali na vile vya chaji. Gari ikiwa na chaji kamili na vipande 8 ni gari nyengine kabisa na yenye 11, hata kama zimetoka kiwandani siku moja. Bila picha ya dashibodi inayowaka, usitume hata shilingi.

Kutoka kwetu mpaka Mjini na kurudi ni kilomita 50 hivi. Betri ya 24 iliyopoteza thuluthi yake itakupeleka na kukurudisha, pamoja na kiyoyozi. Kwa hiyo usilipie betri kubwa kwa ajili ya kujisifu. Kisiwa chote, Nungwi mpaka Makunduchi, hakina safari ya kutisha. Lakini nawe una wakwe Makunduchi, na mazishi hayasubiri chaji. Kwenda tu kutoka hapa ni karibu kilomita 90. Kwa hivyo mimi ningechagua yenye betri ya 30 au 40, iliyo nzima, hata ikizidi bei.

Matumizi yenyewe yanapendeza. Gari kama hizi hula uniti 15 hivi kwa kilomita 100, na nyengine kidogo hupotea katika kuchaji; safari yako ya siku ni uniti 8 au 9. Gari ndogo ya petroli itataka lita 3 au 4. Chukua bei ya petroli inayotangazwa na ZURA mwezi huo, chukua na unacholipia uniti kwenye mita yako ya tukuza, uzidishe mwenyewe.

Ila nyinyi hamkumbuki vizuri Mei 2008, waya wa umeme wa baharini ulipokatika tukakaa kiasi cha mwezi kizani, wala Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Tangu 2013 uko waya mwengine, mkubwa, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Bado, usiiuze Vespa ya baba yako.

Fedha nilizokuachia hazitoshi kitu kipya. Ukienda benki, taka murabaha, uandikiwe bei yote moja na muda wake, na uiweke ndani ya hesabu ya kulinganisha. Kabla ya gari kufika, fundi wa umeme akague waya wa nyumba, maana soketi itabeba mzigo saa nyingi kila usiku.

Shangazi yako ana ufunguo wa kabati. Katika daftari la kijani kuna namba ya wakala wa forodha niliyemsomesha. Mwambie umetumwa na mwalimu wake, akuandikie gharama zote mpaka gari itoke Malindi, na umlipe haki yake.