Shule ya kata ni ya nani?

Wadau, hebu tuambizane ukweli. Asubuhi pale Mbagala, Chanika au Gongo la Mboto wanafunzi wa sekondari wamejaa kituoni, konda anawazuia mlangoni kwa sababu nauli yao ni ndogo. Sisi watu wazima tunapita, tunakaa, tunatoa simu. Hao ndio watoto wa sekondari ya kata, yaani shule yetu. Lakini muulize mwenye kipato kizuri hapo mtaani mara ya mwisho kuingia geti lake ilikuwa lini. Labda siku ya kupiga kura.

Tukumbushane kidogo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulianza mwaka 2004, na baada ya uchaguzi wa 2005 zikawa mbio: kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi walichangishwa. Asiye na hela alichimba msingi au alisomba mchanga. Shule zikafunguliwa bila maabara wala walimu wa kutosha. Wahitimu wa kidato cha sita wakapewa kozi ya muda mfupi na kuingizwa darasani. Mtaa ukawabatiza "voda fasta". Shule zenyewe zikaitwa "yebo yebo", kama vile viatu vya plastiki vya bei poa. Watu wakacheka.

Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Mwaka 2013 Serikali ikayafuta na kuyapanga upya, sifuri zikapungua kwenye karatasi.

Tangu Januari 2016 ada ya shilingi 20,000 kwa shule za kutwa imefutwa, na michango ya lazima ikapigwa marufuku. Naunga mkono kabisa, maana kuna watoto walirudishwa nyumbani kwa ajili ya hela hiyo. Mwaka 2021 Serikali ikatumia sehemu ya mkopo wa IMF kujenga madarasa 12,000 ya sekondari. Safi. Ila kuna kitu kinanisumbua. Yule mtendaji wa kata na kitabu chake cha stakabadhi alikuwa kero, lakini anayetoa hela huuliza imekwenda wapi. Mchango ulipoondoka, na maswali yakaondoka.

Mwenye uwezo wa kumpigia simu diwani, au kumbana mkuu wa shule kwa nini kidato cha pili hakina mwalimu wa fizikia, mtoto wake anapanda basi la njano kwenda ingilishi midiamu. Mwenye mtoto pale ni mama anayeamka usiku kukaanga vitumbua. Mkutano wa wazazi ukiitwa saa nne asubuhi, yeye yuko kwenye biashara.

Sisemi umhamishe mwanao. Nasema shule ina bodi, kata ina kamati ya maendeleo, na mkutano wa mtaa ni wa kila mkazi mtu mzima, awe na mtoto pale au asiwe naye. Tunaojua kusoma bajeti na kuandika barua tukae pale tuulize: walimu wa sayansi wangapi? Maabara ina vifaa au ni chumba kitupu?

Watoto wale hawahami. Ndio mafundi, manesi na wapiga kura wenzetu wa kesho. Mkutano ukitangazwa, twende.