Huyu Anamsubiri Nani?

Bibi aliishika simu yangu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepokea bakuli la uji wa moto, akaitazama ile video bila kusema neno. Ilipofika katikati akauliza, "Huyu amevaa mbao miguuni ili iweje?"

Nikamweleza kwamba zile mbao zinaitwa skii, kwamba mtu mwenyewe ni Mkenya, jina lake Philip Boit, na kwamba ule weupe wote ni theluji. Niliona neno halijamfikia, nikasema ni kama barafu. Barafu Bibi anaijua: ile ya vifuko vya nailoni wanayouziwa watoto nje ya shule.

"Barafu nchi nzima? Imegandishwa na nani?"

Tulikuwa barazani kwake Kwihara, kilomita chache tu kutoka Tabora mjini, mwezi wa saba, wakati ambapo asubuhi watu wa huku huvaa makoti mazito na kuapa kwamba baridi ya mwaka huu haijawahi kuonekana. Kati yetu kulikuwa na ungo wa michembe tuliyopaswa kuichambua. Mimi nilipaswa pia kumhoji. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, na nyumbani tumekua tukiambiwa kwamba babu yake Bibi aliwahi kubeba mzigo kwa miguu hadi pwani. Lakini daftari lilikuwa limefungwa, na badala ya kuuliza maswali niliyoyaandaa nilikuwa namwonyesha Mkenya anayejitahidi kusimama.

Sababu ni hii. Darasani kwetu tulianza watu 14. Mwaka jana wenzangu 13 walivaa majoho. Mimi nilibaki, kwanza kwa sababu mama aliugua na mtu wa kukaa naye wodini nilikuwa mimi, kisha kwa sababu mama alipopona nilikuta nimesahau namna ya kuandika. Nilikuwa nafungua kompyuta, nasoma sura ya pili niliyoiandika mwenyewe, naiona kama kazi ya mtu mwingine aliyenizidi akili. Kundi letu la WhatsApp halikuvunjwa. Wiki moja kabla sijaja Tabora, mwenzetu mmoja alituma kipande kifupi cha video hiyo, kile ambacho Boit anahangaika, akaandika chini yake: "Tasnifu ya dada yetu ikikaribia kukamilika." Wakacheka. Na mimi nikatuma emoji ya kucheka hadi machozi, maana ndivyo mtu anavyofanya. Halafu usiku huo sikulala. Niliitafuta video nzima.

Philip Boit alizaliwa mwaka 1971, Eldoret, katika ukoo wa wakimbiaji. Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ni ndugu yake. Philip naye alikuwa anakimbia mita 800. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Nike ilitaka kujua kama mkimbiaji wa Kenya anaweza kugeuzwa mwanaskii, ikawadhamini yeye na mwenzake, Henry Bitok. Mwaka 1996 wakapelekwa Finland. Ndiko Boit alikoiona theluji kwa mara ya kwanza, akiwa mtu mzima. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Februari 1998, alisimama Nagano, Japani, kwenye mbio za skii za kilomita 10, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi.

Pumzi alikuwa nayo. Lakini skii za masafa hazitaki pumzi peke yake. Mikono inafanya kazi karibu sawa na miguu, kwa sababu mtu anajisukuma kwa fimbo mbili. Chini ya mbao hupakwa nta, na nta lazima ilingane na theluji ya siku hiyo. Ukikosea, unapopanda unarudi nyuma, na unaposhuka theluji inakung'ang'ania kama matope ya masika. Watoto wa Norway hujifunza mambo hayo kabla hawajajua kusoma. Boit alikuwa nayo kwa miaka miwili.

Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24. Huyu ni mtu aliyestaafu akiwa na dhahabu 8 za Olimpiki. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25. Alikuwa wa 92, wa mwisho kati ya waliofika. Kati ya mshindi na yeye kulikuwa na dakika 20, na katika dakika hizo waandaaji walitaka kuendelea na utoaji wa medali. Dæhlie akakataa kuondoka. Alisimama pale mwishoni, kwenye baridi, mpaka Mkenya akafika, akamkumbatia.

Hapo ndipo Bibi aliponigusa mkono nisimamishe video.

"Huyu mzungu si ameshamaliza? Anamsubiri nani?"

"Anamsubiri Mkenya."

"Ni ndugu yake?"

"Hapana, Bibi."

Akachukua kipande cha michembe, akakitafuna polepole. "Basi mama yake alimlea."

Nilicheka, lakini swali lake la kwanza lilinikaa kichwani. Mwaka mzima nilikuwa naandika kuhusu njia inayopita karibu na baraza hilo, na sikuwahi kuliuliza.

Ninachokijua kuhusu njia hiyo ni kingi. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni takriban kilomita 1,200. Tabora ilikuwa katikati, mahali ambapo misafara ilipumzika na kugawanyika: wengine magharibi kwenda Ziwa Tanganyika, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, mara nyingi zaidi, pamoja na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Kirongozi alitangulia na bendera. Wanyapara walikaa nyuma kuhakikisha hakuna anayebaki. Kwa Wanyamwezi hii ilikuwa kazi ya heshima. Wageni waliopita hapa waliandika kwamba kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Sura yangu ya pili yote ni fahari hiyo. Naipenda sura hiyo. Ina watu wanaoimba, wanaogomea ujira mdogo, wanaorudi na vitambaa vya merikani mabegani.

Lakini njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, na kwao kukaa nyuma kulikuwa na maana nyingine. Aliyeshindwa kutembea aliachwa. Shajara za wasafiri wa wakati ule zina maiti zilizofungwa kwenye miti, watu waliochomwa mikuki kwa sababu wameanguka na mwenye mali hakutaka mwingine awaokote. Nilivisoma vipande hivyo, nikaviweka kwenye tanbihi.

Na kuna jambo la tatu, ambalo lilipita karibu kabisa na hapa. Jirani na nyumba ya Bibi kuna tembe la Livingstone, jengo la udongo lenye mlango wa nakshi, ambalo sasa ni makumbusho. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara kwa miezi kadhaa akiwasubiri wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Walifika mwezi wa Agosti, wakaondoka naye. Mwaka uliofuata akafariki katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili wake, wakaufunga, wakaubeba kuelekea baharini. Oktoba 1873 walipita hapa hapa. Mwingereza mmoja, Cameron, aliyekuwa Kwihara wakati huo, akawashauri wamzike. Wakakataa. Wakafika Bagamoyo Februari 1874.

Sitaki kuwapunguzia Chuma na Susi sifa yao. Chuma mwenyewe alikuwa amekombolewa kutoka msafara wa watumwa akiwa kijana mdogo; alijua vizuri kuliko mimi maana ya kuachwa. Ila siwezi kuacha kuona kwamba katika njia ya misafara mtoto aliye hai aliachwa chini ya mti kwa sababu ameshindwa kutembea, na mzungu aliyekufa alibebwa mpaka baharini. Kumbe kusubiri kuliwezekana. Kubeba pia kuliwezekana. Kilichokuwa kinaamuliwa ni nani anastahili.

Ndiyo maana ile picha ya Nagano ilinichanganya. Kwanza niliipenda. Kisha nikaishuku. Picha ya mshindi mweupe akimkumbatia Mwafrika wa mwisho inampendeza nani? Boit alikuwa pale kwa fedha za kampuni ya viatu, na kila aliyeandika kuhusu siku ile alipata kisa cha kuchekesha chenye mwisho mtamu. Nikamkumbuka John Stephen Akhwari wetu, Mexico, mwaka 1968. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza marathoni, 57 walimaliza, na yeye alikuwa wa 57, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Medali zilikuwa zimeshatolewa. Watu wengi walikuwa wameshaondoka uwanjani. Tulifundishwa habari zake shuleni kama somo la uvumilivu, na hakuna mwalimu aliyesema kwamba sherehe haikumsubiri. Tulipewa uvumilivu wake yeye, hatukupewa haraka yao wao.

Nikamweleza Bibi shaka yangu, kwa maneno mepesi. Nikamwambia huenda yule mzungu alijua kamera zinamtazama.

"Na yule mwenzako wa Kenya anasemaje?"

"Alimpa mtoto wake jina lake. Ana mtoto anaitwa Dæhlie."

Bibi akanitazama kama anayetazama mtu aliyesoma sana. "Basi mwenyewe ameshajibu. Wewe mke mwenzangu unamgombea nini?"

Kuna jambo lingine ambalo watu wa kundi letu hawakulijua, na mimi sikulijua mpaka usiku ule. Boit alirudi. Alishiriki Salt Lake City mwaka 2002, akashiriki tena Turin mwaka 2006. Mtu harudi mara mbili kwenye baridi ile ili achekwe. Baada yake wakaja wengine: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, alishuka milima ya Pyeongchang mwaka 2018 kwa niaba ya Kenya, mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kwenye michezo hiyo. Nairobi kuna timu ya magongo ya barafuni, Ice Lions, inayofanya mazoezi kwenye kiwanja kidogo cha hoteli. Sisi wenye barafu kileleni mwa mlima wetu wenyewe, tena tumeichora kwenye chupa za bia, mpaka naandika haya hatujapeleka mtu. Sisemi lazima tupeleke. Nasema tu kwamba tumekuwa hodari wa kucheka.

Jioni niliituma video nzima kwenye kundi, bila maelezo. Hakuna aliyejibu kwa muda mrefu. Kisha yule aliyeituma mwanzo akaniandikia pembeni: "Sikuwahi kuona mwisho wake. Mama anaendeleaje?" Alikuwa hajaniuliza swali hilo tangu tuanze muhula wa mwisho. Nikamjibu kwamba mama anaendelea vizuri. Nilitaka kumwandikia mengi zaidi, nikaona kwa leo yametosha.

Nina hadi Oktoba kuwasilisha. Vile vipande vya tanbihi nimevitoa chini, nimeanza kuviandikia sura. Ni sura ngumu, kwa sababu walioachwa nyuma ya msafara hawana majina kwenye shajara hizo. Huitwa tu mwanamke, mtoto, mgonjwa. Msimamizi wangu anasema sura hiyo itanichelewesha. Najua.

Kesho yake asubuhi tulitoka na Bibi kwenda dukani kununua sabuni na chumvi. Jirani aliyekuwa anafagia uwanja akatuamkia, "Mwangaluka," Bibi akasimama kumjibu, wakaulizana habari za watoto, mifugo na magoti. Mimi nilikuwa nimeshatangulia. Njia ile ina miembe mikubwa, ya zamani, ambayo watu huambiwa ilipandwa enzi za misafara. Nilipogeuka nikaona Bibi yuko mbali sana, anakuja kwa mwendo wake, mkono mmoja kiunoni. Nikasimama chini ya mwembe nimsubiri. Nilijisikia vizuri, nakiri, kama mtu aliyejifunza jambo.

Alipofika hakusimama. Alinipita.

"Mbona umesimama hapo kama nguzo?" alisema bila kugeuka. "Ulidhani siijui njia?"