Udongo Ulipofanywa Ng'ombe

Tashbihi hulinganisha vitu viwili kwa maneno kama "mithili ya" au "mfano wa". Sitiari huyaacha maneno hayo na kukiita kitu kwa jina la kingine. Darasani tofauti hiyo huulizwa kwenye mtihani. Mbele ya wanakijiji waliokaa juani tangu saa nne, swali ni jingine: je, hicho kinachofananishwa nacho wanakijua?

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alijifunza hilo katika mwaka wake wa kwanza wa ubwana shamba, huko Njombe. Akieleza kwa nini mahindi hudhoofu yakirudiwa shamba lile lile, aliufananisha udongo na akaunti ya benki: atoaye bila kuweka hufilisika. Mama mmoja akadakia, "Bwana shamba, mwenye akaunti hapa ni wewe peke yako." Mkutano ulicheka, na somo la samadi likafia hapo.

Msimu uliofuata udongo uligeuka ng'ombe anayekamwa asubuhi na jioni bila kutupiwa hata bua. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mzee mmoja aliyefuga akauliza ng'ombe huyo apumzishwe lini, maana mwenye mimba huachwa kukamwa miezi miwili hivi kabla ya kuzaa. Swali lake likaufikisha mkutano kwenye kupokezanisha mahindi na maharage, mada iliyopangiwa siku nyingine kabisa. Ulinganisho uliokaa sawasawa ndivyo ulivyo: msikilizaji huunyakua na kuupeleka mbali kuliko alikokusudia msemaji.

Uhamisho wa kwenda Nachingwea, ambako ng'ombe walikuwa wachache, ulimlazimu kumwacha mnyama huyo. Nafasi yake ilichukuliwa na uji unaoongezwa maji tu kila mgeni anapobisha hodi.

Ugumu mwingine ni kutulia na picha moja. Mwalimu Nyerere aliuweza. Mwaka 1995, akizungumza na waandishi wa habari Dar es Salaam, aliieleza nchi kama nyumba iliyopata nyufa, kisha akazitaja ufa baada ya ufa: Muungano, rushwa, ukabila, udini. Hotuba nzima ilisimama juu ya nyumba hiyo. Wasemaji wengi wa majukwaani hufanya kinyume: taifa huwa meli, kabla haijang'oa nanga huwa mti, na kufikia makofi limeshakuwa timu ya mpira.

Kuna pia tashbihi zilizochakaa. "Jasiri kama simba" hupita masikioni bila kugusa kitu, na "mweupe kama theluji" (ya nani, Nachingwea?) haikupaswa kupanda jukwaani hata mara moja.

Miaka ya mwisho ya kazi, mwandishi alizoea kufika mkutanoni nusu saa mapema na kutazama watu walikuja na nini mikononi: ungo, jembe bovu, baiskeli yenye pancha. Humo ndimo alimochagua ulinganisho wa siku hiyo, mmoja tu, na akishautamka alinyamaza kidogo.