Bombo: Mji Uliozaliwa na Kambi

Msafiri atokaye Kampala kwa barabara ya Gulu, baada ya kilomita zipatazo 35, huwasili Bombo. Hapo mji na kambi ya jeshi hukaa ubavu kwa ubavu kama ndugu, na kwa hakika ni ndugu.

Wanubi wa Bombo ni kizazi cha askari wa Kisudani wa Emin Pasha, ambao Kapteni Lugard aliwaleta kusini mwaka 1891. Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, wengi waliingia Kikosi cha 4, na Bombo ikawa makao yake kwa miaka mingi. Waliostaafu walijenga papo hapo. Wake zao waliwarithisha mabinti usukaji wa ukindu wa rangi, nayo lugha ya Kinubi, yenye asili ya Kiarabu, ikadumu nyumbani.

Mwaka 1979, utawala wa Amin ulipoanguka, familia nyingi zilikimbilia Sudan na Zaire. Waliorejea walianza upya, na Katiba ya mwaka 1995 ikawataja Wanubi miongoni mwa makabila ya Uganda.

Leo kambi hiyo ni makao makuu ya jeshi la nchi kavu, nayo ina hospitali. Kila Februari, katika kuadhimisha Tarehe Sita, siku ya shambulio la Kabamba la mwaka 1981, askari wa Uganda hushika mafagio wakasafisha miji, na matabibu wao huwatibu raia.

Basi, askari akumbuke: raia anayemhudumia huenda ni mjukuu wa askari mwenzake.