Paladini wangu ashike silaha gani?

Najua nimepotea kidogo. Majaribio yalinibana, na wenzangu wa Ualimu mnajua Julai inakuja na TP yake. Leo lakini siandiki habari za majaribio. Nina swali moja limenikosesha usingizi wiki nzima, na najua wapo watakaocheka: shujaa mtakatifu anafaa kushika silaha gani?

Kwa wasiojua, kuna mchezo tunaucheza hosteli kila Jumamosi usiku, unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatoka mwaka 1974. Hauna runinga wala rimoti. Watu watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, ndiye anayeeleza dunia ilivyo, na wengine kila mtu ana mhusika wake. Msimulizi anasema, "Mlango umefungwa, ndani mtu analia, mnafanyaje?" Unajibu, unarusha dadu, hadithi inasonga. Yaani ni kama hadithi za bibi, ila hapa wasikilizaji wanaruhusiwa kuingia ndani ya hadithi na kuivuruga. Na kama mfuko umetoboka usiogope, maana kanuni za msingi zimetolewa bure kwa leseni huria tangu Januari 2023. Sisi tuna seti moja tu ya dadu, inazunguka meza nzima.

Sasa tunaanza safari mpya, ya mwisho kabla hatujatawanyika kwenda fildi. Mimi nimechagua kuwa paladini: askari aliyekula kiapo, anavaa deraya, anaponya wagonjwa kwa kuwawekea mikono, na anapopiga waovu pigo lake linawaka nuru. Kila kitu kwenye karatasi yangu nimeshajaza. Pamebaki mstari mmoja tu, wa silaha.

Jina lenyewe lina historia ndefu. Paladini walikuwa mashujaa 12 wa mfalme Charlemagne katika hadithi za Ufaransa, na mkubwa wao kwa sifa ni Roland, mwenye upanga unaoitwa Durendal. Wanasimulia kwamba ndani ya mpini wake kulifichwa masalia ya watakatifu, likiwemo jino la Mtakatifu Petro. Roland alipoona anakufa alijaribu kuuvunja kwenye jiwe usiangukie mikononi mwa adui, ukagoma kuvunjika. Baadaye, mwaka 1961, Poul Anderson akatoa riwaya ya Three Hearts and Three Lions, na humo ndimo watunzi wa D&D walimochota sura ya paladini wao. Akaingia rasmi kwenye mchezo mwaka 1975, na masharti yalikuwa makali: bila haiba ya 17 kwenye dadu humpati, na akitenda uovu anapoteza nguvu zake.

Kwa hiyo jibu rahisi ni upanga, si ndiyo? Hapo ndipo meza yetu ilipogawanyika.

Maana mezani tuko Wakristo watatu na Waislamu wawili. Roland halisi alikufa Roncevaux mwaka 778, na waliowavamia walikuwa Wabaski, watu wa milima ile ile. Miaka 300 hivi baadaye watunzi wa utenzi wakawageuza wavamizi wakawa Waislamu, na hadithi ikanoga kwa watu wao. Rumeti wangu, binti wa Tanga, alipoisikia hiyo akacheka: "Kumbe! Na sisi kwetu tuna Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728 kule Pate, huko mashujaa ni Waislamu na adui ni Herekali wa Rumi." Na upanga upo huko pia. Nani wa pwani hajasikia habari za Dhulfikari ya Seyyidna Ali? Shujaa mtakatifu wa huyu ndiye adui wa yule, na wote wawili wameshika upanga. Tukakubaliana mapema kwamba mungu wa paladini wangu ni wa kubuni, na hakuna wa kumgusa mwenzake imani. Lakini neno lile lilinikaa. Upanga peke yake hausemi uko upande gani.

Basi bwana, nikamfuata jamaa wa injinia, yule wa mahesabu. Akatoa kalamu. "Sikiliza dada, mambo ya hisia weka pembeni. Chukua upanga wa mikono miwili." Hesabu yake ni hii. Upanga mkubwa unarusha dadu 2 za nyuso 6, wastani ni 7. Ukichukua mtindo wa kupigana kwa silaha kubwa, kila ikitoka 1 au 2 unarusha tena, wastani unapanda hadi 8.33. Upanga wa kawaida ni dadu moja ya nyuso 8, wastani 4.5, na ukiongeza 2 za mtindo wa silaha moja unapata 6.5. "Tofauti karibu 2 kila pigo, mapambano yote. Unaziachaje?"

Hesabu haina kosa. Ila kuna vitu viwili haikuvigusa.

Kwanza, nguvu ya paladini haitoki kwenye chuma. Kwa kanuni za 2014, ambazo ndizo tunazotumia, lile pigo takatifu linaongeza dadu 2 za nyuso 8, wastani 9, na linaongeza kiasi kile kile ukishika upanga wa dhahabu au rungu la mti. (Kanuni za 2024 zimeligeuza kuwa aina ya uchawi, lakini hapo hazijabadilisha kitu.) Yaani kitu kikubwa tayari unacho. Silaha ni mlango tu wa kukipitishia.

Pili, mikono miwili kwenye upanga maana yake huna mkono wa ngao. Ngao inaongeza kinga kwa 2, na kwenye dadu ya nyuso 20 hizo ni nyuso 2 ambazo zingekuumiza na sasa hazikuumizi. Na upo mtindo mwingine ambao watu wa mahesabu huuruka haraka, mtindo wa ulinzi. Adui akimshambulia mwenzangu aliyesimama ubavuni pangu, nainua ngao yangu, na adui analazimika kurusha dadu mara 2 na kuchukua ile ndogo. Kisha paladini akifika ngazi ya 6, wenzake wote walio ndani ya futi 10 kutoka aliposimama wanapata nguvu ya kuhimili sumu, hofu na uchawi. Hebu itazameni hiyo. Kazi kubwa ya mtu huyu ni kusimama karibu na watu. Ndiyo maana nikaandika ngao kwanza, kabla sijajua mkono wa kulia utashika nini.

Upinde niliutoa mapema. Si kwamba ni dhambi, ila pigo takatifu halipiti kwenye mshale. Na kuna kanuni moja ndogo naipenda kinoma: ukimwangusha adui kwa silaha ya mkononi, iwe upanga, iwe shoka, unaruhusiwa kuamua kwamba amezimia tu, hajafa. Mshale hauna ruhusa hiyo. Ukishauachia umekwenda. Mtu wa kiapo anahitaji ile nukta moja ya mwisho ya kuamua.

Likaja rungu. Zamani kwenye D&D mapadri walikatazwa silaha zenye makali, kwa ile imani kwamba watumishi wa Mungu wa Ulaya hawakutaka kumwaga damu. Kwenye kitambaa cha Bayeux kweli askofu Odo yupo vitani kashika gongo. Lakini ukienda kwenye utenzi wa Roland, askofu mkuu Turpin anapigana kwa upanga na mkuki bila kupepesa macho. Na tuseme ukweli, aliyewahi kuona rungu likitua kichwani hawezi kusema halimwagi damu.

Nyundo ya vita ina dadu moja ya nyuso 8 sawasawa na upanga, na bei ni ile ile, vipande 15 vya dhahabu. Mifupa inayotembea ikipigwa kwa kitu butu inaumia mara mbili, na msimulizi wetu ameshadokeza kwamba kijiji cha kwanza kina makaburi yasiyotulia. Hapo nilikuwa karibu kumaliza. Ila waliocheza Warcraft III ya mwaka 2002 watanikumbusha Arthas. Alikuwa paladini mwenye nyundo takatifu, mwanafunzi wa Uther. Watu wote wanakumbuka alivyopotea alipouchukua upanga wa Frostmourne na kumuua baba yake mfalme. Wanasahau kwamba kabla hajauona upanga ule alikuwa ameshaingia mji wa Stratholme na kuwaua raia wake, eti kabla tauni haijawageuza misukule. Uther alikataa, yeye akaendelea. Na mkononi alikuwa na nyundo ile ile iliyobarikiwa. Kwa hiyo hata nyundo haina dhamana.

Ndipo jamaa wa mahesabu akaja na hoja yake ya mwisho, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi. "Basi chukua fimbo! Fimbo na ngao." Mezani watu wakacheka, yeye hakucheka. Kwenye orodha ya bei fimbo ni vipande 2 vya fedha, yaani kwa bei ya upanga mmoja mkubwa unanunua fimbo 250. Ukiwa na ule ujuzi maalumu wa silaha za mpini mrefu, unapiga kwa ncha ya kwanza, halafu unaongeza pigo la ncha ya pili, na ngao bado iko mkononi. Ni halali kabisa na ina faida. "Halafu wewe si mwalimu?" akamalizia. "Jizoeze."

Hapo wote wakaangua kicheko. Mimi nikanyamaza.

Maana waliotutangulia TP wametusimulia. Siku ya kwanza ofisini unapewa chaki, unapewa vipindi, na mwenyeji wako mmoja mkarimu anakuchagulia fimbo nzuri. "Madam, bila hii hawa hawaendi." Si watu wabaya hao. Wana watoto 90 darasani na sauti moja. Kanuni zipo, Tangazo la Serikali namba 294 la mwaka 2002: viboko visizidi 4, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye daftari. Aliyesoma shule zetu anajua daftari hilo lilikuwa linafunguliwa mara ngapi. Na mwaka 2018 kule Kagera mtoto wa darasa la tano alikufa baada ya kupigwa na mwalimu. Fimbo ni ya vipande 2 vya fedha tu, lakini ikishika mtu mwenye hasira haina tofauti na Frostmourne.

Nikawaza habari za Daudi. Mfalme Sauli alimvalisha chapeo na deraya, akampa na upanga, Daudi akavivua kwa sababu hakuwa amevizoea. Akaenda na alichokijua, kombeo na mawe. Huwa tunaikumbuka kama hadithi ya mdogo kumshinda mkubwa, ila mimi safari hii nimeona kitu kingine: kabla ya kupigana na Goliathi alilazimika kwanza kukataa silaha aliyopewa na mtu anayemtakia mema.

Kwa hiyo karatasi imejaa. Mkono wa kushoto ngao, mtindo wa ulinzi. Mkono wa kulia nyundo. Baba yangu ni fundi seremala, nyundo naijua uzito wake tangu mdogo, na vita vikiisha ina kazi nyingine: mlango uliovunjwa kijijini inaweza kuupigilia tena. Jamaa wa mahesabu amepiga hesabu akaniambia wastani wangu ni 4.5, nimeacha karibu pointi 4 mezani. Nimemjibu aziweke yeye, siku adui akimrukia atajua zilikwenda wapi.

Na ile fimbo ya Julai, nimeshaamua nitaikataa kwa adabu. Shikamoo mwalimu, ahsante sana, chaki inanitosha. Kama zitanitosha kweli chaki na sauti kwa watoto 90, hilo sina dadu ya kuliamua. Nitajua huko huko, na nikirudi nitawaeleza bila kupunguza.

Haya wadau, mliokwishacheza na mliokwishafundisha: nyie mngeshika nini? Naomba kutoa hoja.